Bwana afya wa kata: huduma za kumwomba na huduma za kutozitegemea

Mjini watu wengi humjua bwana afya kwa mambo mawili: cheti cha afya cha mama lishe, na amri ya kufunga magenge kipindupindu kinapoingia. Kazi ya ofisi yake ni pana kuliko hapo. Katika halmashauri za Tanzania Bara, maafisa afya mazingira wamo katika idara ya afya chini ya Mganga Mkuu wa halmashauri, na wanatumia Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 pamoja na sheria ndogo za halmashauri yenyewe. Hupima maji, hukagua hoteli, gesti na saluni, hupitia ramani za nyumba kabla ya kibali cha ujenzi, husaka mazalia ya mbu, na hutoa notisi za kuondoa kero.

Hapa tunazipima huduma hizo kwa swali moja: afisa akishaondoka, kuna kitu kilichopimwa au kilichorekebishwa? Kwa kipimo hicho, huduma inayojulikana kuliko zote ndiyo dhaifu, na zenye nguvu ndizo ambazo wananchi hawajui kwamba wana haki ya kuziomba.

Tuanze na iliyo dhaifu. Mhudumu wa chakula hutakiwa kupimwa afya kila baada ya miezi 6 na kupewa cheti. Kipimo kikuu ni cha choo, na mahali pengi huongezwa Widal ya homa ya matumbo. Tatizo liko kwenye vipimo vyenyewe. Mtu anayebeba vimelea vya homa ya matumbo bila kuumwa huvitoa kwa vipindi, leo vipo, keshokutwa havionekani. Sampuli moja inaweza kumpitisha. Widal haitafuti vimelea, inatafuta kingamwili, hivyo aliyewahi kuugua anaweza kuonekana mgonjwa na mgonjwa wa siku za mwanzo akaonekana mzima. Isitoshe, kuhara kunakoanza wiki moja baada ya cheti kugongwa muhuri hakumo kwenye cheti. Kiwe nacho kila mhudumu, maana sheria inataka, lakini mwenye hoteli asidhani kimemlinda. Kinachomlinda ni kumwambia mpishi anayeharisha abaki nyumbani mpaka zipite angalau siku mbili tangu kuhara kukome, na kumlipa siku hizo. Asiyelipwa atakuja kazini akiwa anaumwa, na atakaa kimya.

Ukaguzi wa jengo la chakula una thamani zaidi, ila hutegemea afisa amebeba nini mkononi. Akija na fomu peke yake ataandika rangi ya ukuta, dari, idadi ya matundu ya choo na kama kuna pipa la taka lenye mfuniko. Yote ni ya lazima, lakini ukuta uliopauka haujawahi kumharisha mtu. Wateja huumwa kwa sababu ya joto la chakula na mikono ya wapishi. Afisa anayejua kazi huja na kipimajoto cha kuchoma. Huchoma pilau iliyo kwenye hotipoti: iwe juu ya nyuzi 60. Huchoma paja la kuku karibu na mfupa: lifike 70. Huweka kipimajoto ndani ya friji: isizidi 5. Kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria huzaliana kwa kasi, na chakula kilichopikwa hakipaswi kukaa humo zaidi ya saa 2.

Kosa linaloumiza migahawa mingi ni wali wa jioni ulioachwa kwenye sufuria mpaka asubuhi. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kuchemka. Wali ukipoa taratibu mbegu hizo huchipua, na bakteria huyo akiachwa usiku kucha hutengeneza sumu ambayo haiharibiwi na moto. Ndiyo maana kiporo kilichopashwa hadi kinatoa moshi bado kinaweza kumtapisha mtu ndani ya saa chache. Dawa yake ni kuugawa wali kwenye masinia, tabaka lisizidi sentimita 5, upoe upesi, kisha uingie kwenye friji. Kuuacha katikati ya sufuria ya kilo 10 ni kuuweka kwenye kiota.

Kwenye vyombo, mabeseni yawe matatu: la kuoshea kwa sabuni, la kusuuzia, na la klorini. Kwa beseni la lita 10, vijiko viwili vya chakula (takriban mililita 30) vya Jik yenye nguvu ya asilimia 3.5 vinatoa miligramu 100 hivi kwa lita. Vyombo vikae humo dakika moja au mbili, kisha vikaushwe kwa hewa. Kitambaa kimoja kinachofuta sahani 80 hurudisha kila kitu kilichoondolewa.

Wafanyabiashara wengi huchanganya ofisi hapa. Tangu Julai 2019 usajili wa chakula na majengo ya chakula ulitoka iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa) ukaenda TBS (Shirika la Viwango). Ukaguzi wa usafi wa kila siku ulibaki kwa afisa afya. Nyama machinjioni na muhuri wake ni kazi ya afisa mifugo. Usipoteze nauli kumpelekea bwana afya malalamiko ya muhuri.

Sasa maji, na hapa idara ya afya ndiyo yenye huduma bora kuliko zote inazotoa. Kipimo cha klorini iliyobaki kwenye maji huchukua dakika mbili, kinafanyika kwenye bomba lako, na jibu unaliona kwa macho yako. Ombeni kila mtaa, hasa mahali maji yanapokuja kwa mgao au kwa boza.

Hatua ni hizi. Fungua bomba dakika moja au mbili ili maji yaliyolala kwenye bomba yatoke. Suuza kichupa mara tatu kwa maji hayohayo, jaza mililita 10, dondosha kidonge cha DPD namba 1 (kemikali inayoonyesha klorini kwa rangi) bila kukigusa kwa kidole, tikisa, linganisha rangi ya waridi na kadi papo hapo. Bomba la nyumbani linatakiwa lisome kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Likisoma sifuri, ama maji yamekaa mno kwenye simtanki, ama bomba limepasuka mahali na linavuta uchafu mgao unapokatika. Kidole kilichogusa kidonge hutia dosari kwenye jibu. Na liko kosa ambalo hata maafisa wenye uzoefu huanguka nalo: klorini ikizidi sana, huifuta rangi ya DPD, maji yakabaki meupe kama hayana klorini kabisa. Penye harufu kali ya klorini na jibu la sifuri, yazimue maji kwa maji yaliyosafishwa kwa mvuke, upime upya, kisha uzidishe jibu kwa mara ulizoyazimua.

Kipimo cha bakteria kinahitaji maabara, na mambo mengi huharibikia njiani. Chupa iwe tasa, na kama maji yana klorini, ndani yake iwe na sodiamu thiosalfeti ya kuizima. Bila hiyo klorini huendelea kuua bakteria kwenye gari na maabara inasoma maji safi kuliko yale mnayokunywa. Mpira uliofungwa kwenye bomba utolewe, mdomo wa bomba la chuma uchomwe kwa moto, chupa ijazwe bila kufika ukingoni, iwekwe kwenye kibaridi chenye barafu. Ifike maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana, isizidi 24. Jibu linalokubalika ni E. koli (bakteria wa kinyesi) sifuri kwa kila mililita 100. Kwa sababu ya mpaka huo wa saa 24, sampuli ya Ijumaa alasiri tunashauri ikataliwe. Ikifika maabara jioni hakuna wa kuipima, na ikilala mpaka Jumatatu jibu lake halina maana. Ombeni Jumatatu au Jumanne asubuhi.

Vijijini, mbali na maabara, vichupa vya karatasi inayogeuka nyeusi ndani ya saa 24 hadi 48 vinatosha kuonyesha kwamba kisima kimeingiwa na kinyesi. Vina kasoro moja: maji ya chini yenye salfidi ya asili, yale yanayonuka yai viza, yataigeuza nyeusi hata bila kinyesi.

Kisima kikibainika kichafu, afisa mzuri hasemi tu "kitibuni". Hupiga hesabu mbele yenu. Kisima cha duara chenye kipenyo cha mita 1 na maji ya kina cha mita 3 kina takriban lita 2,360. Ili kufikia miligramu 50 kwa lita unahitaji gramu 118 za klorini halisi. Unga wa klorini uitwao HTH una nguvu ya asilimia 70, kwa hiyo ni gramu 170 hivi za unga. Koroga kwanza kwenye ndoo ya plastiki, uache utulie, mimina maji ya juu kisimani, sugua kuta, funika usiku kucha, halafu chota mpaka DPD isome chini ya 0.5. Na kama chanzo cha uchafu hakijaondolewa, kwa mfano choo kilicho mita 12 kutoka kisimani au ukingo usio na sakafu ya zege, baada ya wiki mbili mtarudi palepale.

Adui wa kimyakimya wa kazi hii yote ni kopo la HTH lililoachwa wazi. Unga hupoteza nguvu kwa unyevu na joto, na stoo nyingi za pwani zina vyote viwili. Muulize afisa kopo lilifunguliwa lini.

Hapohapo tuseme mpaka wa huduma hii. Kisanduku cha bwana afya hakioni floridi. Kwa wakazi wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na kwingineko penye meno ya kahawia, maji yanaweza kupita kipimo cha klorini na cha bakteria na bado yakalemaza mifupa ya watoto. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Klorini haiondoi floridi, na kuchemsha huizidisha kwa sababu maji hupungua nayo hubaki. Kipimo hicho kiombwe kwenye maabara za Wizara ya Maji.

Kipindupindu kinapolipuka, idara hii huonyesha ubora wake. Mlipuko ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 ukasambaa nchini ulifunza mengi. Kinachofanya kazi haraka ni mtu aliyekaa kisimani akitia klorini katika kila ndoo inayochotwa, si tangazo la spika. Nyumbani, kidonge kimoja cha WaterGuard kwa dumu la lita 20 la maji meupe, subiri dakika 30. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa, kisha vidonge viwili. Kwa sakafu na vyoo vya mgonjwa tumia mchanganyiko wa asilimia 0.5, yaani kipimo kimoja cha Jik ya asilimia 3.5 kwa vipimo sita vya maji. Utengenezwe kila siku, maana wa jana umekwisha nguvu. Usichanganywe na sabuni yenye asidi wala siki. Gesi yake huumiza mapafu. Mwenye dalili asisubiri bwana afya: maji ya chumvichumvi ya ORS yaanze nyumbani, na namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure.

Kuhusu mbu, tofautisha dawa ya moshi na dawa ya viluwiluwi. Moshi unaopita mitaani jioni huua mbu waliokomaa walio hewani wakati huo; waliojificha uvunguni hawaguswi, na wapya hutoka majini ndani ya siku 7 hadi 10. Wananchi hupenda moshi kwa sababu unaonekana. Sisi tungependa fedha hizo ziende kwenye viuadudu vya kibayolojia, ambavyo Tanzania inavitengeneza kwenye kiwanda cha Kibaha. Bakteria aliyemo huliwa na viluwiluwi na kuwaua. Bundo, yaani kiluwiluwi aliyekwisha kujikunja kabla ya kuruka, hali chochote, hivyo dawa hiyo haimpati. Ndiyo sababu inatakiwa kurudiwa kila wiki au wiki mbili. Halmashauri inayomwaga mara moja mwanzoni mwa masika ikatulia imetupa dawa.

Na kila mbu ana nyumba yake. Wa malaria hupenda maji ya wazi yaliyotulia, kama madimbwi ya jua na mashimo ya mchanga. Wa dengi, iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, hutaga kwenye matairi, vifuu, vyombo vya maua na majaba, na huuma mchana, hivyo neti ya usiku haimzuii. Huyu haondolewi na gari la halmashauri, anaondolewa na mkono wako ukimwaga maji na kusugua jaba kila wiki. Mayai hugandia ukutani na kumwaga tu hakutoshi. Wa matende na mabusha, yule anayelia sikioni usiku, hutoka vyooni na kwenye makaro. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 chenga nyepesi za plastiki zilitandazwa juu ya maji ya vyoo vya shimo, zikaziba uso wa maji, na mbu hao wakapungua sana. Ni njia rahisi ambayo maafisa wachache leo wanaikumbuka. Waulizeni.

Imebaki kero, na hapa ndipo sheria ina meno. Jirani anapotapisha choo mvua ikinyesha, karo linapofurika barabarani, machinjio ya kuku yanapomwaga damu mtaroni, afisa afya anaweza kuandika notisi ya kuondoa kero, na asiyetii akapelekwa mahakamani.

Ili notisi iwe na nguvu, lalamika kwa maandishi. Barua moja kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa afisa afya wa kata, kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Andika mahali kamili, siku na saa, maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi, na picha zenye tarehe. Malalamiko ya mdomo kwa mjumbe hupotea. Afisa akija, notisi yake itaje jina la mmiliki, si la mpangaji, kwa kuwa mpangaji hana uwezo wa kujenga karo. Itaje kitu cha kufanya kwa vipimo, na tarehe ya afisa kurudi. "Safisha mazingira ndani ya siku 7" si notisi, ni ushauri. "Jenga upya bomba la kutolea la karo, nyonya tope, funika shimo kwa zege ifikapo tarehe fulani" ndiyo notisi.

Na afisa ajue kinachoharibika. Karo la kweli lina sakafu ya zege na vyumba viwili, cha kwanza theluthi mbili ya urefu, na mabomba ya kuingiza na kutoa yenye umbo la T ili utando wa juu usitoke. Mengi yanayoitwa karo hayana sakafu. Ni mashimo ya kunyonya, na kwenye ardhi ya mchanga yenye maji ya juu, kama bonde la Msimbazi, yananyonya kuelekea visima. Tope likifika theluthi moja ya kina cha karo, livutwe. Kitako cha shimo la choo kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, na choo chenyewe mita 30 kutoka kisimani. Choo cha bomba la hewa kinataka bomba lililonyooka, lipite paa kwa nusu mita, juu liwe na wavu, na tundu la choo lisifunikwe, maana mfuniko huua mvuto wa hewa na nzi hurudi. Tumeona notisi zikimwamuru mwenye choo cha aina hiyo afunike tundu. Afisa aliyeandika hivyo alikariri fomu ya choo cha kawaida.

Mtaa usiopitika na gari la kunyonya usiachiwe vyura, yaani wapakuaji wa vyoo kwa mikono, wanaozama shimoni bila viatu na kuzika tope pembeni usiku. Muulize afisa kama halmashauri ina kikundi chenye pampu ya mkono na mapipa ya kupeleka tope hadi gari lilipo. Pasipokuwa nacho, liandikwe kwenye barua hiyohiyo, maana amri ya kunyonya bila njia ya kunyonya hutekelezwa kwa kutapisha.

Taka ngumu tunazipitia haraka: ukusanyaji uko kwa wakandarasi na vikundi vya mtaa, ada hudaiwa kwa mashine, na kazi ya afisa afya ni kuhakikisha gari linapita. Lisipopita wiki mbili, barua ileile yenye muhuri.

Udhaifu mkubwa kwenye kero ni marejeo. Tarehe ya notisi hufika, afisa mmoja ana kata nzima na pikipiki haina mafuta, na karo huendelea kutiririka. Siku hiyo mlalamikaji aende ofisini asubuhi na nakala yake, ampe afisa picha za siku hiyo, aombe ukaguzi wa pili uandikwe hata kama hauna jipya. Kesi ya kero inajengwa kwa karatasi mbili: notisi, na ripoti ya ukaguzi wa pili inayosema haijatekelezwa. Mwenye ya kwanza peke yake hurudishwa kuanza upya.